Kabla Hujaiita UTI: Tuliyojifunza kwa Vijana wa Mtwara na Lindi

Kijana wa huku Kusini akiingia chumba cha daktari, awe ametoka Newala, Nachingwea au Mtwara mjini, mara nyingi huja na jina la ugonjwa mkononi: "Nina UTI." UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, ni neno la heshima. Linasemeka mbele ya mama, mbele ya mwalimu wa malezi, mbele ya foleni nzima, na hakuna atakayegeuza shingo. Kisonono hakitajiki hivyo, na kaswende ndiyo kabisa. Basi UTI imekuwa kanga ya kufunikia kila kitu: mkojo unaochoma, usaha, muwasho, kidonda, maumivu ya chini ya kitovu, hata hofu tupu ya jambo lililofanyika wiki iliyopita. Kosa kubwa la sisi wahudumu, na tumelifanya kwa miaka, ni kuipokea kanga hiyo na kuiandika kwenye daftari la mgonjwa kana kwamba ndiyo ugonjwa wenyewe.

Tunawaandikia vijana, wazazi, na wenzetu wapya wanaopangiwa zahanati na vituo vya afya vya mikoa hii. Wagonjwa wanaotajwa humu si mtu fulani. Ni njia ambayo tumeona wengi wakiipita, na karibu kila mmoja amejikwaa mahali pale pale.

Safari huanzia dukani. Kwa mwanaume, dalili za kisonono hutokea kwa kawaida siku 2 hadi 7 baada ya tendo, ingawa zinaweza kuchelewa hadi wiki mbili. Asubuhi mkojo unachoma, mchana chupi ina doa la njano, usiku hakulaliki. Kijana anamwendea muuzaji wa dawa, anaongea kwa sauti ya chini, anapewa vidonge vya siprofloksasini vya siku tano kwa sababu ndivyo vilivyozoeleka na bei yake inafikika. Hapo ndipo muda unapoanza kuliwa. Bakteria wa kisonono wamejenga usugu mkubwa dhidi ya siprofloksasini katika sehemu nyingi za dunia, na leo dawa hiyo haitegemewi kwa ugonjwa huu. Kinachowapotosha wengi ni kwamba usaha wa mwanaume unaweza kupungua wenyewe baada ya wiki kadhaa hata bila dawa ya maana. Anajiona amepona. Bakteria bado wamo, anaendelea kuambukiza, na mara nyingine uvimbe unahamia kwenye korodani. Dalili zikirudi anaambiwa UTI yake ni sugu. Ananunua azithromaisini, kisha sindano ya kugawana na rafiki nusu kwa nusu, kisha mitishamba. Ukimwuliza ametumia kiasi gani, huhesabu kwa vidole halafu hunyamaza: manunuzi manne, nauli, siku alizoshindwa kukalia pikipiki. Na dawa iliyohitajika ni sindano moja na vidonge vya wiki moja.

Kwa binti njia hii ni ya kimya. Wengi wenye klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa, hawana dalili yoyote, na kisonono nacho kwa mwanamke mara nyingi hakijitangazi. Isitoshe, mwili wa binti umeelekea zaidi kuambukizwa. Katika miaka ya ujana, tabaka laini la ndani ya mlango wa kizazi huwa limetokeza nje, na hilo ndilo eneo ambalo klamidia na kisonono hushika kwa urahisi. Umri unavyosonga, tabaka hilo hurudi ndani. Kwa hiyo binti wa miaka 16 anaweza kuambukizwa upesi kuliko dada yake wa miaka 30, na asihisi kitu hadi maambukizi yapande kwenye kizazi na mirija. Huko ndiko kwenye PID, ambayo watu wanaitaja siku hizi kama jina la mafua. PID ikichelewa hukaza mirija, na mirija iliyokazwa ni ugumba, au mimba inayotunga nje ya kizazi miaka kadhaa baadaye, wakati kila mtu ameshasahau ile "UTI" ya kidato cha tatu.

Tulichojifunza kwanza ni mpangilio wa chumba, kabla ya dawa yoyote. Binti anakuja na mama yake. Anaulizwa mbele ya mama: "Umewahi kukutana na mwanaume?" Anajibu hapana, na jibu hilo linaandikwa. Lingeandikwa nini kingine? Siku hizi mazungumzo huanza na wote wawili, kisha tunamwambia mama bila kuzunguka: "Mama, kwa umri huu kila kijana tunazungumza naye peke yake kidogo, wa kike na wa kiume. Tutakuita." Wazazi wengi wanakubali wakisikia ni utaratibu wa kila mtu na si tuhuma kwa mwanao. Mlango unafungwa, dirisha linalotazama foleni linafungwa, na rejista iliyo wazi mezani inafunikwa. Mitaa yetu ni midogo. Shangazi wa mgonjwa anaweza kuwa ndiye anayefagia korido.

Baadaye kinachofuata ni mtiririko wa maswali unaoanzia mbali.

"Shikamoo dokta."

"Marahaba mwanangu. Pole na safari. Unasoma au umemaliza?"

Shule, nyumbani anaishi na nani, rafiki wa karibu, kisha ndipo: "Wapo wa umri wako wenye wapenzi, wapo wasio nao. Wewe je?" Swali la "wangapi" tunaliacha mwisho, na hatuliulizi kwa hesabu ya maisha yote. Tunahitaji kujua waliokutana naye katika siku 60 zilizopita, kwa sababu hao ndio watakaotibiwa. Tunauliza kama alitaka mwenyewe. Tunauliza kama ni njia ya kawaida tu, au pia mdomoni au nyuma, kwa sauti ile ile tunayoulizia homa. Koo na njia ya haja kubwa vinaweza kubeba kisonono bila maumivu yoyote, na usipouliza hutaambiwa.

Halafu kikombe cha mkojo. Hapa tunaomba msomaji atulie kidogo, maana ndipo makosa mengi yanapojificha. Kijana anapewa kikombe na kuambiwa "kalete mkojo." Mkojo upi? Kuna vikombe vitatu tofauti ingawa vyote vinafanana. Ukitafuta UTI ya kweli, unataka mkojo wa katikati: anajisafisha, anaacha wa mwanzo uende, anakinga unaofuata. Ukitafuta klamidia au kisonono kwenye mkojo, unataka kinyume chake kabisa: asikojoe kwa saa moja au zaidi, asijioshe, kisha akinge wa mwanzo kabisa, mililita 20 hivi, na kuacha. Mkojo wa kwanza ndio unaosomba chembe zilizoganda kwenye njia. Ukikinga wa katikati umeshamwaga ushahidi chooni. Na kikombe cha tatu ni cha kichocho: mkojo wa mwisho, yale matone ya kumalizia, uliokingwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, maana mayai ya kichocho hutoka kwa wingi katika saa hizo. Ikiwezekana kijana atembee au aruke kamba kidogo kabla ya kukinga.

Kichocho tunakitaja kwa makusudi. Ukanda wetu, kuanzia Kilwa hadi bonde la Ruvuma, una kichocho cha mkojo, na watoto wanaoga na kuchota maji madimbwini na mabwawani. Mayai yake hayaishii kwenye kibofu. Kwa binti yanaweza kukaa ukeni na kwenye mlango wa kizazi, yakaleta uchafu, maumivu, damu baada ya tendo, na vidonda vinavyofanana na vya magonjwa ya zinaa. Binti ambaye hajawahi kukutana na mtu anaweza kubebeshwa jina la kisonono nyumbani, akapewa dawa mara tatu, akapigwa hata, kumbe tatizo ni kichocho cha bwawani. Ukiona uchafu usiokubali tiba, mwulize mto na bwawa la utotoni, na mwulize kama aliwahi kukojoa damu. Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, kwa pamoja, baada ya chakula.

Tukirudi maabara: stiki ya mkojo ikionyesha chembe nyeupe za damu, wengi wanafunga daftari. UTI, basi. Lakini chembe nyeupe zinasema tu kwamba kuna uchochezi, hazisemi umetoka wapi. Chembe nyeupe nyingi bila naitraiti (alama ya stiki inayoashiria bakteria wa UTI), kwa kijana aliyeanza mahusiano, ziamshe shaka ya klamidia kabla ya kitu kingine. Kwa mwanaume mwenye usaha, darubini inasaidia sana: usaha unapakwa kwenye kioo, unatiwa rangi ya Gramu, na bakteria wa kisonono wanaonekana wawili wawili ndani ya chembe nyeupe. Kwa mwanamke kioo hicho hicho kinakosa wengi. Klamidia haionekani kabisa kwa darubini ya kawaida. Inahitaji kipimo cha vinasaba, na mashine za aina hiyo tulizo nazo mikoani kazi yake kubwa ni kifua kikuu na wingi wa VVU.

Ndiyo maana tunatibu kwa kundi la dalili. Usaha kwenye uume: tibu kisonono na klamidia pamoja. Uchafu ukeni ni habari nyingine, na wenzetu wapya wanakosea sana hapa, kwa sababu sehemu kubwa ya uchafu ukeni si kisonono. Mweupe mzito kama maziwa ya mgando pamoja na muwasho ni fangasi. Wa kijivu wenye harufu ya samaki, hasa baada ya tendo, ni bakteria wa uke waliovurugika. Wa kijani kibichi wenye povu ni trikomona, na huo ni wa zinaa. Fangasi na bakteria waliovurugika si ugonjwa wa zinaa, na binti aambiwe hivyo kwa sauti inayosikika, kwa sababu wengine wanarudi nyumbani kuvunja uchumba kwa ajili ya fangasi. Kujiosha ndani kwa sabuni, ndimu au dawa za kubana kunawaua bakteria wema wanaolinda uke na kuuvuruga zaidi. Tumeona kwamba neno hili linafika vizuri likisemwa na somo au nyakanga aliyeelimishwa kuliko likisemwa na sisi. Binti anamsikiliza aliyemfunda.

Vidonda vinahitaji macho. Kidonda cha kaswende huwa kimoja, kigumu pembeni, hakiumi. Kwa sababu hakiumi, kijana anakipuuza, na ndani ya wiki 3 hadi 6 kinapona chenyewe. Hapo hajapona, ugonjwa umeingia ndani. Wiki au miezi baadaye vipele vinatokea mwilini, hadi kwenye viganja na nyayo, na mara nyingi haviwashi. Vinaitwa aleji. Anayeona vipele viganjani kwa kijana asitoke chumbani bila kupima kaswende. Malengelenge ni tofauti: vilengelenge vidogo kwa kundi, vinapasuka, vinauma kama moto, na vinarudi pale pale. Pangusa, yenye kidonda laini kinachouma na mtoki uliovimba, siku hizi ni adimu.

Mambo mawili hayangoji chochote, na tunayaandika peke yake. Mvulana mwenye maumivu ya korodani yaliyoanza ghafla, hasa akitapika, na korodani imepanda juu kuliko kawaida, asipewe vidonge vya kisonono na kuambiwa arudi kesho. Korodani inaweza kuwa imejinyonga. Nafasi ya kuiokoa ni kubwa ndani ya saa 6 hivi, na ukitoka Liwale au Mangaka saa 6 ni chache mno. Piga simu hospitali yenye upasuaji mkiwa njiani. Jambo la pili ni binti mwenye maumivu ya tumbo la chini: kipimo cha mimba cha mkojo kitangulie dawa, hata kama amesema hapana. Maumivu, mimba, na kizunguzungu au damu kidogo ni mimba ya nje ya kizazi hadi ithibitike vinginevyo.

Sasa dawa. Kwa kisonono, Shirika la Afya Duniani linapendekeza seftriaksoni gramu 1 kwa sindano ya msuli, mara moja tu. Zile sindano za siku tano au saba kwa njia ya kanula kwa kisonono cha kawaida hazimponyeshi mtu zaidi. Zinamaliza fedha zake na kuzoesha bakteria. Kichupa cha gramu 1 tunakichanganya na mililita 3.5 za lignokeini (dawa ya ganzi) ya asilimia 1 ili kupunguza maumivu, baada ya kumwuliza kuhusu mzio wa dawa zote mbili. Mchanganyiko wenye lignokeini ni wa msuli tu, usiingie kwenye mshipa kamwe. Na kichupa kizima ni cha mtu mmoja. Kugawana na mwenzi ni kuwapa wote wawili dozi ya kufundishia bakteria.

Kwa klamidia ni doksisaiklini miligramu 100, asubuhi na jioni, siku 7. Dozi hii inaharibika kwa mambo madogo ambayo hakuna anayemweleza kijana. Kidonge kimezwe kwa glasi nzima ya maji, ukiwa umekaa au umesimama, na usilale kwa nusu saa hivi. Anayekimeza kavu usiku na kujitupa kitandani hukwamisha kidonge kooni, kinachoma umio, asubuhi hawezi kumeza mate, na dozi anaiacha siku ya pili. Maziwa yakae mbali na kidonge kwa saa mbili. Jua la mchana linaweza kuibabua ngozi, na kwa mvuvi wa Mikindani au mwokota korosho hilo si dogo, avae mikono mirefu. Mjamzito hapewi doksisaiklini; anapewa azithromaisini gramu 1 kwa pamoja. PID inaunganisha seftriaksoni na doksisaiklini pamoja na metronidazoli, na vidonge vinaendelea siku 14. Wengi huacha siku ya tano maumivu yakitulia, na hao ndio tunaowaona tena. Metronidazoli inaacha ladha ya chuma mdomoni, na haikai na pombe. Msimu wa mabibo tunauliza bila kuzunguka: "Uraka unakunywa?" Tukishindana naye atatuitikia na kuacha dawa. Tukimwambia asubiri siku 3 baada ya kidonge cha mwisho, anahesabu.

Kaswende ya mwanzo inatibiwa kwa benzathini penisilini yuniti milioni 2.4, mara moja, milioni 1.2 kila tako. Isiyojulikana ilianza lini huhitaji dozi hiyo mara tatu, wiki hadi wiki. Unga wake ukichanganywa na maji ya sindano unakuwa mzito kama uji mwepesi. Ukivuta kwenye bomba kisha ukaanza kujaza rejista, ukirudi sindano imeziba, na kijana ameshachomwa bure. Mwandae mgonjwa kwanza, glavu tayari, pamba tayari, tumia sindano nene ya geji 21, tikisa kichupa, vuta, choma polepole hadi ndani ya msuli. Inauma na huwa tunawaambia hivyo. Akae dakika 30 akiangaliwa, adrenalini ikiwa karibu. Ndani ya saa 24 anaweza kupata homa na mwili kuuma, kwa sababu vijidudu vinakufa kwa mkupuo, parasetamoli inatosha. Tusipomwonya, nyumbani watasema sindano imemdhuru na hatarudi kwa ya pili.

Kipimo cha haraka cha kaswende kina mtego wake. Kinga ambayo kipimo hiki kinaitafuta mara nyingi hubaki kwenye damu maisha yote, hata baada ya kupona. Kijana aliyetibiwa mwaka juzi atapimwa tena, kistari kitatokea, na ndoa itatikisika. Kujua kama ugonjwa upo sasa unahitaji RPR, kipimo kingine cha damu, na namba yake: ikishuka kutoka 1:32 hadi 1:8, yaani mara nne, tiba imefanya kazi. Mwandikie namba hiyo kwenye daftari lake. Vipimo vyenyewe vikae kwenye nyuzi joto 2 hadi 30. Stoo yenye bati bila dari mwezi Novemba hapa Mtwara huvuka hapo kabla ya saa sita mchana, na kipimo kilichopikwa kinasema uongo kwa utulivu mkubwa.

Kila anayetibiwa ugonjwa wa zinaa apimwe VVU siku hiyo hiyo. Tangu sheria ya UKIMWI irekebishwe mwaka 2019, kijana wa miaka 15 na kuendelea anaweza kukubali kipimo hicho mwenyewe bila sahihi ya mzazi. Majibu yakiwa hasi na tendo ni la wiki mbili zilizopita, arudiwe baada ya miezi 3. Kama ni ndani ya saa 72, kuna dawa za kuzuia maambukizi, za siku 28, na kila saa inayopita inapunguza nguvu zake. Hapa tuseme na jambo la jando. Tohara inampunguzia mwanaume uwezekano wa kupata VVU kutoka kwa mwanamke kwa takriban asilimia 60. Haimkingi na kisonono wala klamidia. Vijana wetu wengi wametahiriwa wakiwa wadogo na wamekua wakiamini wamekingwa na vyote, na imani hiyo imewaondolea kondomu mifukoni.

Mwenzi ndiye anayevunja au kukamilisha tiba. Mtu akitibiwa peke yake, wiki ya pili anarudi na usaha, na sote tunailaumu dawa. Tunampa karatasi ya mwenzi isiyotaja ugonjwa, na tunafanya naye zoezi la maneno pale pale, kwa sababu akiondoka bila sentensi hataisema. Hii huwa inafanya kazi: "Nimepimwa kituoni nimekutwa na maambukizi, wamesema na wewe utibiwe hata kama husikii kitu. Nenda na karatasi hii." Bila kuuliza nani kamwambukiza nani, kwa sababu dalili haziwezi kuonyesha aliyeanza, maana mmoja anaweza kuibeba klamidia miezi mingi kimya. Wote wawili wasikutane kwa siku 7 tangu sindano, na hadi vidonge viishe. Ugumu mkubwa huwa Oktoba hadi Desemba, minada ya korosho ikiwa moto na watu wakisafiri na magari ya mizigo. Mwenzi yuko Tunduru au Dar es Salaam. Karatasi ipigwe picha itumwe kwenye simu. Kituo chochote kitaielewa.

Kuna mgonjwa mmoja ambaye haya yote hayamhusu kwa mpangilio huu, naye ni mtoto. Kisonono au kaswende kwa mtoto ambaye hajabalehe, na si ya kuzaliwa nayo, ni dalili nzito kwamba mtu amemwingilia. Ugonjwa huo haupati chooni wala kwenye taulo, na anayetoa maelezo hayo mbele ya mzazi anamrudisha mtoto mikononi mwa aliyemtenda. Asiogeshwe, nguo zake ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi kwa sababu nailoni huozesha ushahidi. PF3, ile fomu ya polisi, ni muhimu, lakini matibabu yasiisubiri: dawa za kuzuia VVU ndani ya saa 72, na kwa binti aliyevunja ungo dawa ya kuzuia mimba ndani ya siku 5. Dozi ni kwa uzito. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na simu ya bure ya 116 hupokea taarifa za watoto. Anayembembeleza mama wayamalize nyumbani kwa fidia tumemwona pia, na kwa huyo hatuna upole. Kumwingilia mtoto ni jinai, si jambo la kusuluhishana.

Baada ya wiki moja, ambaye bado ana usaha arudi. Tunauliza kwa mpangilio: mwenzi alitibiwa? Vidonge viliisha au vimebaki mfukoni? Alitapika ndani ya saa moja baada ya kumeza? Kama yote yako sawa, kwa mwanaume tunafikiria trikomona na kuongeza metronidazoli gramu 2 mara moja, na kama ni kisonono kilichogoma, sampuli ipelekwe kuoteshwa kabla ya kumwaga dawa nyingine. Mabinti wa miaka 9 hadi 14 tunaowapata kwa njia hii, hata wakiwa wadogo wa mgonjwa tu, tunaulizia chanjo ya kirusi kinacholeta masundosundo na saratani ya mlango wa kizazi. Tangu 2024 ni dozi moja.

Aliyepona naye anarudi baada ya miezi 3, kwa sababu kuambukizwa tena kwa vijana ni jambo la kawaida mno. Hatuandiki "baada ya miezi mitatu." Tunaandika tarehe yenyewe nyuma ya daftari, na kwa aliyetibiwa minada inapoanza tarehe hiyo huangukia Januari, fedha za korosho zimekwisha na nauli ni ngumu. Basi tunaipanga siku ya gulio au siku ambayo angekuja mjini kwa shughuli nyingine, mchana baada ya saa nane, foleni ikiwa imepungua, na chini yake tunaongeza mstari mmoja: usikojoe saa nzima kabla ya kufika.